Chumvi ya Busienei

Msinialike sinema tena. Kila Krismasi mnaniita twende Nakuru, kila Krismasi nakataa, nanyi mnanong'onezana ati ni uzee, ati ni wokovu. Si uzee wala wokovu. Kaeni chini niwaambie mara moja, kisha mniache kabisa.

Mwaka wa hamsini na tano nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, bado niko kwa baba yangu kule Ndabibi, kwenye shamba la Mzungu ambako baba alichunga ng'ombe wa maziwa. Wenzangu wa rika langu walikuwa wameshaolewa, wengine na mtoto wa pili mgongoni. Mimi sikukosa sura, na kazi niliiweza. Hata mchumba nilikuwa naye, Hezekiah, dereva wa trekta wa shamba la jirani, kijana mpole mpaka unaudhika. Aliyenikwamisha ni maiti. Ni babu yangu Busienei, aliyekufa baba akiwa na miaka sita.

Zamani zile Wazungu walipokuwa wakipitisha reli, watu wetu wa Nandi walipigana nao mpaka pande zote zikachoka. Ikasemwa wakutane kivukoni, wapatane. Busienei akawaongoza wazee kumi na wawili kwenda huko, kila mmoja na nyasi mkononi. Kwetu mtu akishika nyasi amesema amani. Haguswi, hata kama ulikuwa unamwinda tangu asubuhi. Wazungu hawakuyajua hayo, au waliyajua wakayapuuza. Wote kumi na watatu walipigwa risasi pale pale majini. Watu wakauliza, askari walijificha saa ngapi karibu na kivuko bila mtu kujua? Nalo jibu likatoka sijui mdomoni mwa nani, kwamba Busienei aliwauza wenzake, kisha naye akamalizwa asije akasema.

Neno hilo lilituganda. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake huita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye amerudi. Mama yangu alizaa saba. Waliitwa wote, mpaka na wajinga na walevi wa ukoo, lakini Busienei hakuitwa hata mara moja. Baba alikuwa akikaa nje na kusikiliza, halafu akiondoka kwenda kwa ng'ombe.

Sasa Hezekiah ana baba yake, Mzee Jonah, mzee wa kanisa, mvi nyeupe, Biblia kwapani, sauti ya kumfanya mtu akumbuke dhambi ambazo hajafanya. Hezekiah alipomleta kwetu kuniposa, alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akanywa maziwa yetu, akapangusa mdomo, akasema, "Na msichana sina neno. Damu ndiyo sitaki. Siwezi kulea wajukuu wa msaliti."

Nilikuwa nyuma ya mlango na chai mkononi. Haki ya Mungu, nusura nimmwagie.

Baba akamwambia kwa upole, "Baba yangu hakuuza mtu."

"Una shahidi?"

"Wote walikufa, Mzee Jonah. Nitamtoa wapi shahidi?"

"Basi," akasema, akachukua kofia yake. Na mimi nikahesabiwa kuwa nimeisha.

Miezi minne baadaye wakaja watu wa sinema. Jamani, mali niliyoiona! Malori thelathini yalipita Naivasha yakielekea lile korongo la Olkaria ambako mvuke hutoka ardhini, nyuma yao farasi walioletwa kwa meli, mahema yenye mabafu, ngome nzima ya mbao na kipande cha reli ambacho hakikwenda popote. Walitaka watu mia tatu wa kuvaa ngozi na kushika mikuki. Katikati ya hali ya hatari, wakati Mwafrika akionekana na panga anaulizwa maswali, sisi tukapewa mikuki na serikali ikatazama! Mvua ilipokuja ikaharibu rangi ya nyasi, mkubwa wao, ambaye sisi tulimwita Bwana Miwani, aliamuru nyasi zipakwe rangi ya manjano. Watu walikaa siku mbili wakipaka nyasi rangi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mkalimani wao alikuwa Micah, kijana aliyesoma misheni. Yeye ndiye aliyemwambia baba kwamba picha hiyo ni ya vita vya Nandi, na kwamba kivuko kimo ndani, na wazee kumi na watatu wamo. Baba hakulala siku hiyo. Asubuhi alifunga safari mpaka Olkaria, akasimama mbele ya Bwana Miwani na kumwambia, kwa mdomo wa Micah, "Aliyewaongoza ni baba yangu. Nipe mimi nafasi yake, nitakuonyesha ilivyokuwa."

Mzungu alifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akamwuliza baba anataka nini zaidi ya posho na nyama. Baba akasema anataka jambo moja tu, jina la baba yake litajwe ili watu walisikie. Bwana Miwani akampa mkono. Jina litatajwa.

Wakampaka masizi kwenye mvi na kumvika ngozi. Nilikuwepo, nilikuwa napika uji wa watu, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya. Nilimwona baba akiteremka kwenye mto wao wa kuchimba, nyasi mikono yote miwili, machozi yakimtoka bila mtu kumwambia alie. Walipiga picha hiyo mara sita, na mara zote sita alilia. Siku iliyofuata wakamketisha na Mzungu aliyevaa kama ofisa wa zamani, naye akampa mfuko wa chumvi. Micah akaeleza kwamba ni zawadi ya mgeni. Baba akaupokea kama mtu mzima anavyopokea zawadi kwetu, kwa mikono miwili, akautemea mate kidogo juu yake kuubariki, akatabasamu. Wakampa tena, akapokea tena, akatema tena. Bwana Miwani alipiga makofi.

Jioni nikamwuliza, "Baba, kwani babu alipewa chumvi?"

"Sikumbuki," akasema. "Labda wao wanajua kitu tusichojua. Ni adabu tu, Cheptanui."

Kumbe! Lakini ningejuaje? Mimi sinema sikuwa nimeiona hata moja, na baba pia. Tulidhani picha zinafuatana kama siku zinavyofuatana, leo baada ya jana. Hakuna aliyetuambia kwamba zinakatwa na kushonwa.

Baba akaenda kwa Mzee Jonah mwenyewe. "Uliniuliza shahidi," akamwambia. "Shahidi anakuja. Picha ikiletwa, njoo utazame kwa macho yako." Mzee Jonah akasema papo hapo kwamba atakuja, na akiona babu hana hatia ataleta ng'ombe wiki hiyo hiyo. Alisema hivyo mbele ya watu. Hezekiah alinipitia kisimani akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Mwaka mzima tukangoja. Tulisikia kwamba picha imezua ugomvi hata kwa Wazungu. Walowezi wa Nakuru walipoonyeshwa, wengine walitoka nje kabla haijaisha, wakaandika gazetini kwamba inawadhalilisha wazee wao, kwamba Mwafrika hafai kuonyeshwa Mzungu akipiga risasi watu wenye nyasi. Serikali ikaizuia. Wenye picha wakalia mali yao. Mwishowe ikasemekana imerekebishwa, na sasa Mwafrika anaweza kuiona bila kuharibika. Nikauliza imerekebishwa vipi. Hakuna aliyejua.

Ikawa Jumamosi, saa nane mchana, katika jumba la Waafrika pale Nakuru, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Lori lilitutoa Ndabibi asubuhi, wanaume arobaini na wanawake kumi. Baba alivaa koti la kuazima. Mlangoni walisimama askari sita wenye bunduki, na mkubwa wao akatangaza kwamba ni marufuku kusimama, marufuku kupiga kelele, na mwenye kuleta fujo atajua. Nakwambia joto la humo ndani! Sisi tulikaa safu ya tatu, na mbele yetu kabisa Mzee Jonah na Hezekiah. Kando ya pazia jeupe alikaa Micah na kipaza sauti, awageuzie watu Kiingereza kiwe Kiswahili.

Picha ikaanza, na lazima niseme kweli, ilikuwa nzuri. Rangi! Milima yetu, mvuke wetu wa Olkaria ambao huko uligeuka moshi wa mizinga, farasi wakija mbio mpaka watu wa mbele wakajikunja. Watu walijitambua na kuanza kunong'ona, "Yule ni mimi, yule ni mimi." Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anangoja.

Kisha akatokea yeye. Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa zizi. Lakini hakuwa mtoni. Alikuwa ameketi na yule ofisa, na mfuko wa chumvi ukampitia mikononi. Sauti ya Kiingereza ikasema maneno, na Micah hakuyasema. Alikuwa ameshika kipaza sauti na anamtazama baba gizani. Mkubwa wa askari akamkemea, "Wewe, fanya kazi yako!"

Micah akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Huyu," akasema, "ni Busienei. Kwa mfuko mmoja wa chumvi, Busienei akawauza watu wake."

Jina likatajwa. Alivyoomba ndivyo alivyopewa.

Pale kwenye pazia baba yangu akautemea mate mfuko ule na kutabasamu, na watu wa makabila mengine waliokuwa nyuma wakaangua kicheko, maana walidhani anaulamba. Kisha kivuko kikaja. Wale wazee wengine wakaonekana wamejificha na mikuki kwenye manyasi yaliyopakwa rangi, eti wanataka kuwavamia askari wakati wa mapatano, na Busienei ameshawafichua. Nyasi za mikononi hazikuonekana hata jani. Zilikatwa zote, na yale machozi ya mara sita yakakatwa pia.

Nilisikia mwili wangu wote unawaka. Nilitaka kupanda nilichane lile pazia kwa meno. Pembeni yangu baba alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele. Watu wa Ndabibi wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama. Hata wale waliokuwa wakimwonea huruma miaka yote, niliona macho yao yanabadilika. Si amejionyesha mwenyewe? Si uso wake ule? Nikajua nimekwisha, na safari hii baba ndiye aliyenimaliza.

Hapo ndipo Mzee Jonah aliposimama.

"Uongo!" akapiga kelele. Ile sauti ya kanisani. "Chumvi gani? Hakupewa kitu yule! Alikuwa na nyasi mikono miwili, amezinyanyua hivi, hivi, juu ya kichwa! Nimemwona!"

Bunduki zikakokiwa mlangoni. Wanawake wakajirusha chini. "Keti wewe mzee, keti!" askari akafoka, naye hakuketi, alikuwa amenyanyua mikono yake yote miwili mbele ya mwanga, na kivuli chake kikaangukia kwenye pazia juu ya wale watu waliojificha. Hezekiah akamshika koti, akimvuta. Mimi nilifunga macho nikingoja mlio.

Mlio haukuja. Aliyeendesha mashine aliogopa akaizima, na jumba likawa giza tupu, kisha mtu akang'oa blanketi moja dirishani na jua likaingia. Mzee Jonah bado alikuwa amesimama, mikono juu.

Hezekiah, yule mpole wangu, akasema, "Baba, umemwonaje? Si umetuambia maisha yako yote kwamba siku hiyo ulikuwa kwa mjomba wako?"

Sijawahi kuona mtu akizeeka haraka vile. Mikono ilishuka yenyewe. Akatutazama, akatazama mlango, na mlangoni palikuwa na bunduki.

Mkubwa wa askari akaanza kumjia. Micah, Mungu ambariki, akamwambia kwa Kiingereza kitu ambacho sikukijua, nadhani kwamba mzee ni mgonjwa, kwamba anaomba. Askari akasimama hapo hapo, mkono kwenye mkanda.

"Arap Busienei," Mzee Jonah akasema. Watu wa Ndabibi walishtuka kumsikia akimwita mwana wa Busienei, kwa sababu miaka yote alikuwa akimwita baba Kiplangat, jina la utotoni, kama mtoto wa mtu asiyetajika. "Arap Busienei, mimi nilikuwa mlinzi. Waliniweka juu ya mwamba, na pembe. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliwaona askari wamelala kwenye manyasi kabla wazee hawajafika. Nilitakiwa nipige pembe."

"Ukafanyaje?" baba akauliza. Alikuwa hajainua kichwa.

"Niliogopa watanipiga mimi kwanza. Niliteremka upande wa pili. Niliposikia bunduki niligeuka mara moja, nikamwona. Halafu nikakimbia. Watu walipouliza mbona hakuna aliyeonya, kuna mtu alisema labda Busienei aliwauza. Nami nikasema labda." Akajipangusa uso. "Nilisema labda, mara moja tu. Wengine wakamalizia."

Miaka hamsini! Miaka hamsini anakunywa maziwa ya watu na kuwauliza shahidi, na shahidi ni yeye! Mwaka mzima alingoja pamoja nasi ile picha, na nilielewa sasa kwa nini alikubali upesi. Alitaka Wazungu waseme ukweli badala yake, yeye atikise kichwa tu na kuleta ng'ombe. Sinema ilipomnyima hiyo njia, ilibidi afungue mdomo wake.

Askari wakatusukuma nje wote. Pale uani, juani, watu wakatuzunguka. Mzee Jonah akaja mbele ya baba akasema, "Nilisema nitaleta ng'ombe. Sasa ni wewe wa kukataa." Hezekiah alikuwa nyuma yake, uso umemkauka, hawezi hata kunitazama.

Baba akasema, "Mimi nimechoka. Mwulize yeye."

Macho yote yakaniangukia. Enyi wajukuu, nilimpenda Hezekiah. Niseme nini, nilimpenda, na sikuwa tayari kumlipisha kosa la mzee. Lakini kumeza tu? La. Nikamwambia Mzee Jonah, bila kuinamisha macho kama inavyopasa, "Njoo na ng'ombe zako. Lakini usije na lori. Anzia kanisani kwenu uje kwa miguu mpaka kwetu. Na kila boma la watu wetu utakalopita, uingie, uketi, useme ulichosema humo ndani. Usiruke hata moja."

Watu wakavuta pumzi. Msichana kumwambia mzee wa kanisa hivyo! Mama angekuwepo angenipiga kofi. Mzee Jonah akatikisa kichwa akakubali.

Alianza Jumatatu. Kutoka kanisani mpaka kwetu kulikuwa na maboma kumi na manne, mwendo wa asubuhi moja kwa mtu asiyesimama, naye alitumia siku tatu. Habari zilimtangulia. Boma la kwanza walimsikiliza kwa heshima. La tano walimtukana. La tisa mwanamke mmoja, ambaye babu yake alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, alimfungia mlango, na alisema yote akiwa amesimama nje kwenye mvua, Hezekiah akishikilia ng'ombe. Kila jioni mtu alituletea habari amefika wapi, na baba aliuliza jambo moja tu, kama ameruka yeyote. Hakuruka.

Siku ya tatu, jua likiwa juu, tuliwaona wakipanda. Ng'ombe sita, Hezekiah, na mzee nyuma kabisa, viatu amevitundika shingoni. Nilitoka na kibuyu cha maziwa, maana hata kama una hasira, mtu aliyetoka safari humpi maji matupu. Baba alikuwa amesimama langoni. Mzee Jonah alifungua mdomo kusalimu, sauti haikutoka, ilikuwa imekwisha njiani, ni pumzi tu.

Nikadhani baba atamwambia yametosha, aingie apumzike. Watu wote waliokuja kutazama walidhani hivyo.

Baba alimshika mkono, akamketisha kwenye jiwe la langoni, akachuchumaa mbele yake kama mtoto. Akangoja mpaka mzee alipokunywa.

"Wote umewaambia," akasema. "Sasa niambie mimi. Asubuhi ile nilikuwa nimelala alipotoka. Baba yangu alikuwa anafananaje?"